Kiwanja cha Arua, Brekidauni ya Kaya

Mume wangu Yakubu hajawahi kuniomba kitu waziwazi. Akikitaka, huja kukaa jikoni kwangu, mahali ambapo hana kazi, akaokota kijiti na kuchokoa moto unaowaka vizuri bila msaada wake. Siku hiyo alichokoa mpaka maharagwe yakaungua. Nikajua kinachokuja ni kikubwa.

"Mama Sadiya," akasema, "Tahiru iko na brekidauni."

"Pole yake," nikamjibu. "Imeharibika wapi?"

"Haijaharibika. Gari yenyewe ndiyo watu naita brekidauni. Ile ya jeshi, iko na winchi nyuma, mkono mrefu ya chuma. Inabeba mti mzima juu, hivi." Akainua kijiti kutoka motoni, na moshi ukaniingia machoni.

"Gari nakuja na jina ya ugonjwa wake," nikasema, "na wewe nataka kununua?"

Hakucheka. Akarudisha kijiti motoni, akaendelea kuchokoa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na moja, na Koboko, mji wetu karibu na mpaka wa Sudan, ilikuwa imejaa miti isiyotakiwa. Vita vilipotufukuza tulikimbilia Zaire na Sudan, lakini miti haikukimbia. Tuliporudi tuliikuta imejikalia uani kwetu, mingine imelalia kuta, mingine imetoboa dari na kutoka juu, na ukiikaribia na panga ilionekana wewe ndiye mgeni. Mtu akitaka kuezeka nyumba yake upya, kwanza alihitaji mtu wa kuukata mti ulioinama juu yake bila kumvunjia kuta zilizobaki.

Mtu huyo alikuwa Yakubu. Jeshini alikuwa fundi wa nyaya za simu, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kupanda nguzo. Alipanda mti kwa kamba na mkanda, akaanza kukata kutoka juu, tawi baada ya tawi, na vijana wa kamba walivuta kila tawi lianguke upande wa usalama. Chini alikuwepo Duku na msumeno wa moto, ule wa injini. Duku ni shemeji yangu, mtu mzito, hajawahi kupanda hata kitanda bila kupumzika. Mimi nilipika, na mimi ndiye niliyepatana na wenye miti, kwa sababu Yakubu hawezi kupatana. Ukimsifu kidogo tu, kazi yote inakuwa sadaka. Koboko nzima walimwita Waya, na akisikia jina hilo shingo yake ilirefuka.

"Na hiyo brekidauni," nikauliza, "Tahiru nataka nini?"

Kijiti kikasimama.

"Yeye hataki pesa."

"Nataka nini?"

"Nataka kile kiwanja yako. Ya Arua."

Nikaipua sufuria ya maharagwe na kuiweka chini taratibu sana, maana mkono wangu ulikuwa unatafuta mahali pa kuitupa.

Kiwanja hicho kiko nyuma ya soko la Arua. Alinipa baba yangu, mzee Loku, kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, na nilikuwa nimeshajenga msingi. Nilitaka nyumba ya vyumba vitatu na baraza mbele ya kuuzia chai na chapati. Huko Zaire nilikaa miaka mingi katika nyumba za watu wengine. Wenyeji walikuwa wema, Mungu awalipe, lakini mgeni hata akipewa kitanda hulala amekunja miguu. Nilimwambia Mungu kwamba nikirudi nyumbani sitalala hivyo tena. Nyumba ya Koboko tunayoishi ni ya ukoo wa Yakubu, na dada zake huja kunikumbusha kila Idi.

Mwanamke mwingine angekataa pale pale. Mimi nimeishi na mwanamume vya kutosha. Ukimkatalia wazi, anatoka nje kama shahidi aliyefia dini yake, na mji mzima unamwonea huruma. Afadhali umkubalie, halafu uache kitu chenyewe kimkatalie.

"Sawa," nikasema.

Yakubu akaniangalia kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

"Sawa namna gani?"

"Sawa. Lakini mimi sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hiyo gari nakuja hapa, na miguu yake yenyewe, bila kusukumwa. Nakata mti moja, mimi naangalia. Ikishinda, nampa Tahiru kiwanja."

Tahiru mwenyewe alikuja kesho yake kunilainisha. Yeye ni dalali wa Oraba, anabadilisha pesa pale mpakani na kuuza chochote ambacho mwenyewe amekimbia akakiacha. Maneno yake yangeweza kukoleza chai bila sukari.

"Dada Mariam," akaniambia, "hii gari ni bahati. Ilikuwa nalala Kaya bure. Ukikosa hii, hautaona ingine."

"Kama ni bahati, kwa nini wewe natoa?"

"Mimi ndugu yangu ni Yakubu. Bahati yangu ni yake."

"Na kiwanja yangu, itakuwa yako na yake?"

Akainamia chai yake, akaiangalia sana kuliko chai inavyostahili.

Mti wa jaribio niliuchagua mimi. Haji Nasuru alikuwa na mkuyu mkubwa nyuma ya nyumba yake, ulioinama juu ya mabati mapya aliyoyaezeka baada ya Ramadhani. Kila mtu alikubali kwamba huo ndio mti unaofaa, maana ukiangushwa kawaida unaangukia mabati. Sikuwaambia nilichokiona mimi. Njia ya kuingia kwa Haji ni nyembamba, inapita kati ya ua wake wa miti na ukuta wa jirani, na gari la jeshi haliwezi kupita hapo hata likivuta pumzi. Jioni nikaenda kwa Haji kwa siri, nimefunika kichwa, na sahani ya sambusa mkononi.

"Haji," nikamwambia, "ile gari itavunja ua wako. Wewe ni mutu wa heshima. Ikifika mlangoni, kataa."

Haji akala sambusa ya kwanza, akala ya pili. "Nimesikia, binti yangu," akasema.

Nikarudi nyumbani nimefurahi. Nilidhani kusikia na kukubali ni kitu kimoja.

Jumamosi asubuhi tulisikia mngurumo kutoka upande wa Oraba kabla ya kuona kitu. Likaja gari la kijani lililobabuka, na mkono wa chuma mgongoni, limejaa watoto ambao hakuna aliyejua limewaokota wapi. Lilikuja lenyewe, bila kusukumwa. Nikakaza meno. Dereva alikuwa kijana wa Kaya, upande wa Sudan, anayeitwa Santo, mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni kama anakwenda kanisani. Lilipofika lilipunguza mwendo, likapunguza, likaendelea kupunguza bila kusimama, mpaka Santo akaruka chini na jiwe mkononi na kulitupa mbele ya tairi.

"Breki iko wapi?" nikamuuliza Tahiru.

"Hiyo jiwe ni ya usalama tu, dada."

Nikageuka kumtafuta Haji ili akatae. Haji alikuwa amevaa koti la harusi. Alikuwa ameita wakwe zake wote, mikeka imetandikwa, na yeye mwenyewe, na shoka mkononi, alikuwa anabomoa ua wake. Tangu arudi kutoka uhamishoni hakuna mashine iliyowahi kuja nyumbani kwake mbele ya wakwe, na hakuwa tayari iishie barabarani.

"Pitisha! Pitisha!" alikuwa anamwita Santo. "Ua ni nini? Ua nitajenga!"

Sambusa zangu zilikwenda bure.

Brekidauni ikaingia, ikasimama chini ya mkuyu, jiwe likawekwa. Santo akavuta kishikio, na ule mkono wa chuma ukanyanyuka polepole, ukapita paa, ukapita tawi la kwanza. Watu wakapiga kelele. Nakiri kwamba hata mimi nilifungua mdomo. Yakubu alikuwa anacheka peke yake, mikono nyuma, anatembea huku na huku kama bwana harusi. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tufunge ndoa. Nikaanza kukiaga kiwanja changu. Niliuona msingi wangu, nikamwona Tahiru akijenga stoo ya bia juu yake, na machozi yakanijia. Sikuyaruhusu yatoke mbele ya wakwe wa Haji.

Santo akashusha waya wenye ndoano, ukaning'inia katikati ya matawi. Akapunguza mngurumo wa injini na kuita:

"Haya. Nani napanda kufunga?"

Yakubu akaacha kutembea.

"Kufunga nini?" akauliza Yakubu.

"Kufunga waya, Mzee. Mutu napanda juu, nafunga mnyororo kwa tawi, natia ndoano. Halafu nashuka, Duku nakata, mimi nabeba."

"Gari haifungi yenyewe?"

"Mzee, hii ni ndoano. Haina vidole."

Watu wakacheka, maana walidhani Waya anafanya mzaha. Wakageuka wote kumwangalia, na vijana wa kamba tayari walikuwa wanamletea mkanda wake. Mtu akapiga kigelegele. Yakubu akaupokea mkanda. Akauweka mkono wake juu ya shina la mkuyu, akautazama mti kutoka chini kwenda juu, na mkono haukutoka pale.

Nilimwona. Wengine waliona mtu anayepima mti. Mimi niliona magoti ya suruali yake yanacheza, na hakukuwa na upepo. Ndugu zangu, nimemfulia mtu huyu suruali miaka ishirini. Sijawahi kuiona ikicheza peke yake.

Sikujua kwa nini. Nilijua tu kwamba baada ya pumzi mbili tatu kila mtu ataona nilichoona mimi, na wakwe wa Haji watakipeleka mpaka Lobule. Na hakukuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Duku hapandi. Vijana wa kamba ni wa kamba. Na mwanamume yeyote ambaye angepanda badala ya Waya, angeshuka amelichukua jina hilo.

Basi nikafanya ninachokiweza. Nikafanya fujo.

"Hapana!" nikapiga kelele, nikaunyakua mkanda mikononi mwa mume wangu. "Hapana, hapana, hapana! Hii gari nanunuliwa na kiwanja ya nani? Ya Yakubu? Ya Tahiru? Kiwanja ni yangu! Basi mimi ndiye nafunga! Nyinyi wanaume mnaweza kufunga vizuri ili nidanganywe, halafu kesho chuma inaanguka. Mimi najaribu na mkono yangu mwenyewe!"

"Mama Sadiya, wewe ni wazimu?" akasema Tahiru.

"Ndiyo! Na wazimu ndiye iko na kiwanja!"

Nikavua viatu. Nikakusanya nguo zangu na kufunga leso katikati ya miguu, kama tunavyofanya tukivuka mto. Watu wakaanza kunicheka mimi, na hicho ndicho nilichotaka. Yakubu alinitazama. Nilitegemea anikataze, ningekuwa na ugomvi mzuri wa kunipa muda. Badala yake akavuta hewa, akageukia umati, na sauti yake ya jeshi ikatoka yote:

"Wanaume! Geuka! Wote! Bibi yangu napanda, hakuna macho ya mwanamume nyuma yake! Angalia barabara!"

Wakageuka. Wakwe wakageuka, vijana wa kamba wakageuka, Haji akageuka na shoka lake begani, Duku akageuka kwa awamu. Tahiru alichelewa kidogo, na Yakubu akamshika masikio na kumgeuza.

"Mzee," akaita Santo kutoka kwenye winchi, "mimi lazima naangalia. Mimi naendesha."

"Endesha na masikio."

"Mzee!"

"Masikio iko mbili. Tumia zote."

Nikapanda. Baba yangu alikuwa na mizinga ya nyuki huko Lobule na hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, kwa hiyo nilijua kupanda kabla sijajua kupika. Mwili hausahau, ila unanung'unika. Magoti yangu yalinung'unika mpaka tawi la tatu. Nilipofika panapofaa nikajifunga mkanda, nikakaa, nikaita:

"Santo! Leta ndoano! Kushoto!"

Ndoano ikaenda kulia. Kijana alikuwa amenipa mgongo, na kushoto kwake hakukuwa kushoto kwangu.

"Kushoto, nasema!"

"Hii ndiyo kushoto, mama!"

"Hiyo ni kushoto ya Sudan! Leta kushoto ya hapa!"

Ndoano ikazunguka uwanja mzima. Ikapita juu ya banda la kuku, na kuku wakahama. Ikagonga tangi la maji. Halafu ikafika kwenye kamba ya nguo, ikaingia shingoni mwa kanzu nyeupe ya Haji, ile ya Ijumaa, na kuinyanyua taratibu mpaka juu ya paa, mikono imetandazwa, haina mtu ndani. Wanawake hawakuwa wamekatazwa kuangalia. Walianguka chini kwa kucheka, mmoja akashika mwenzake, mmoja akatoka mbio kwenda nyuma ya nyumba.

"Nini?" akauliza Haji, uso barabarani. "Nini iko? Wanacheka nini?"

Hakuna aliyemwambia. Kanzu yake ikatusalimia wote, ikaja polepole mpaka kwangu, nami nikaivua kwenye ndoano, nikaitundika kwenye tawi, na kutia mnyororo mahali pake.

Ilikuwa imekwisha. Nikabaki nimekaa pale nikipumua. Niliona mabati ya Koboko, na barabara ya Oraba na vumbi lake. Nikaitazama ndoano karibu yangu, nikaelewa. Gari hili lingeweza kubeba mti, lakini kila mti ungehitaji mtu mahali hapa nilipokaa. Yakubu alitaka kutoa kiwanja changu ili asipande tena, na baada ya kukitoa angepanda vilevile. Siku zote hizo nilidhani anataka kusifiwa na mji.

Hasira ikanipanda, hasira ya kweli. Mji wote unaweza kumwita Waya, lakini mimi ninalala naye. Hofu yake alikuwa anamficha nani? Nilishuka nikiwa nimetayarisha maneno, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kikakwa, na ya Kikakwa yalikuwa mabaya zaidi.

Wanaume walikuwa mbali, huko kwenye ua uliobomolewa, na injini ilikuwa inanguruma. Yakubu peke yake alisimama chini ya shina, amenipa mgongo, mikono ameitandaza kunilinda. Nilikanyaga ardhi bila sauti. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika shati, na maneno yangu yalikuwa tayari. Ndipo nikaona mabega yake yanatikisika.

"Poni," akasema, bila kugeuka. Ni jina langu la nyumbani, huwa haniiti hivyo mbele ya watu. "Umeshuka?"

Nikameza maneno yangu yote.

"Bado," nikasema.

"Uko wapi?"

"Kwa tawi ya katikati."

Sauti yangu ilikuwa sikioni mwake. Alijua. Nami nilijua kwamba anajua.

"Basi sikia," akasema. "Ile kazi ya mwisho, Vurra, ile miti ya kalatusi karibu na forodha. Mimi narudi nyumbani, nasema kazi imeshindikana, msumeno butu. Msumeno ilikuwa nzuri. Mimi nafika juu, miguu inakataa. Nakumbatia mti kama mtoto. Duku ndiye nanishusha na kamba, na mimi namwapisha asiseme. Tangu hiyo siku hata ngazi mimi naogopa. Mimi nafikiri hii gari itapanda badala yangu. Kiwanja usitoe."

"Sitoi. Kwa nini haukusema?"

"Nasema nini? Waya naogopa juu?"

"Tutatafuta mutu wa kupanda," nikamwambia mgongo wake. "Wewe nasimama chini, nashika kamba yake. Mutu aliyepanda sana ndiye najua kushika. Na hii gari, mti ikiwa mbaya sana, tunakodi, siku moja tu, na jiwe yake."

"Watu watasema nini?"

"Watasema bibi ya Yakubu ni wazimu. Wameshaanza."

Akacheka. Kicheko kilianza vizuri, kikavunjika katikati, akaweka mkono wa shati machoni, na mabega yakaanza tena. Niliweka kiganja changu katikati ya mgongo wake na kukiacha hapo. Hakugeuka.

"Mzee!" Santo akaita kutoka kwenye winchi. "Mama ameshuka? Shingo yangu nauma! Tunageuka?"

"Tunageuka?" wakauliza wengine kutoka kwenye ua, na nikaona koti la harusi la Haji linaanza kuzunguka.

Uso wa Yakubu ulikuwa bado umelowa.

"Bado!" nikapiga kelele, miguu yangu miwili imesimama chini. "Bado niko juu! Mutu asigeuke!"